Daftari la OneNote lililobaki ndani ya kompyuta: namna ya kulihamishia kwenye wingu bila kupoteza ukurasa hata mmoja

Swali: “Kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika madokezo yangu ya masomo katika OneNote, programu ya madokezo ya Microsoft, kwenye kompyuta ya Windows, nikiamini kwamba yanahifadhiwa kwenye wingu, yaani kwenye seva (kompyuta za kuhifadhi data) za Microsoft zinazofikiwa kwa intaneti, kwa sababu jina langu na anwani yangu ya barua pepe vinaonekana juu ya dirisha la programu. Juzi nilipakua OneNote kwenye simu, nikaingia kwa akaunti ileile, lakini daftari langu halikuwepo. Baada ya kutafuta sana nililikuta kwenye kompyuta, ndani ya folda ya Nyaraka. Nimeiburuta folda hiyo hadi kwenye folda ya OneDrive, hifadhi ya wingu ya Microsoft, na simu bado haioni kitu. Kwa nini hali hii imetokea, na nifanyeje ili daftari lihamie kwenye wingu bila kupoteza nilichoandika?”

Jibu:

Ndugu msomaji, madokezo yako yanaweza kuhamishwa yote, na kazi yenyewe si ngumu. Hata hivyo, kabla sijaeleza lolote nakuomba usiiondoe OneNote kwenye kompyuta, usitoke kwenye akaunti yako, na usifute faili yoyote kwa nia ya kuanza upya. Katika matatizo ya aina hii nimeona madokezo mengi yakipotea wakati wa kutafuta suluhisho, na machache mno yakipotea kwa sababu ya tatizo lenyewe.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika maelezo yako ni kule kuiburuta folda. Katika Windows, ukiburuta folda kutoka mahali pamoja hadi pengine ndani ya diski ileile, folda huhama, na mahali pa awali hapabaki kitu. Ukiiburuta kwenda kwenye diski nyingine ndipo hunakiliwa. Ni wazi basi kwamba huenda folda ya daftari lako imeondoka mahali ambapo OneNote inaitazamia. Programu haitakufungia mlango kwa sababu hiyo. Itaendelea kukuonyesha kurasa zako na kukuruhusu kuandika, kwa kuwa OneNote haiandiki moja kwa moja kwenye faili ya daftari, bali huandika kwanza kwenye hifadhi yake ya muda iliyofichwa ndani ya kompyuta, kisha hupeleka mabadiliko hayo kwenye daftari. Daftari lisipopatikana, kila ulichoandika tangu siku ulipoiburuta folda kimebaki katika hifadhi hiyo ya muda peke yake. Niliwahi kuombwa msaada na mtu aliyekuwa ameifuta hifadhi hiyo baada ya kushauriwa kwamba kufanya hivyo kungeondoa alama ya hitilafu. Alama iliondoka kweli, na majuma matatu ya madokezo yakaondoka nayo, wala hapakuwa na mahali pengine pa kuyatafuta.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudi nyuma. Funga OneNote, irudishe folda pale pale ilipokuwa ndani ya Nyaraka kwa jina lilelile bila kubadilisha hata herufi, kisha fungua OneNote na ubonyeze kitufe cha Shift pamoja na F9, ambavyo kwa pamoja huiamuru programu kusawazisha daftari ulilolifungua, yaani kuyafanya yaliyo katika hifadhi ya muda na yaliyo kwenye daftari yalingane. Katika baadhi ya kompyuta za mapajani itakubidi ushikilie pia kitufe cha Fn. Usiendelee mbele mpaka alama yoyote ya hitilafu iliyo karibu na jina la daftari iwe imetoweka.

Sasa nije kwenye sababu. Wewe, kama watu wengi, ulichukulia kwamba kuingia kwenye akaunti na kuhifadhi kwenye wingu ni kitu kimoja. Jina lako linaloonekana juu ya dirisha linaeleza ni nani anayetumia programu, lakini halielezi daftari linakaa wapi. Makazi ya daftari huamuliwa siku linapoundwa, pale programu inapouliza liwekwe kwenye OneDrive au kwenye kompyuta hii, na tangu siku hiyo kila ukurasa unaouongeza unafuata makazi hayo. Unaweza kuingia na kutoka kwenye akaunti mara mia, na daftari lililozaliwa ndani ya kompyuta halitahama mpaka ulihamishe wewe kwa amri iliyowekwa kwa kazi hiyo.

Programu yenyewe ina historia inayoeleza utata huu. OneNote ilitoka pamoja na Office 2003, wakati ambapo kuhifadhi kulimaanisha kuweka faili kwenye diski yako, na uwezo huo haujaondolewa katika toleo la Windows mpaka leo. Matoleo ya simu, ya Mac na ya kwenye kivinjari yalikuja baadaye na yalijengwa kwa ajili ya madaftari ya wingu peke yake. Hii ndiyo sababu simu yako haikukuonyesha hata onyo. Kwake yeye daftari lililo ndani ya folda ya kompyuta ni kitu kisichokuwepo kabisa.

Je, kwa nini kuiburuta folda hadi OneDrive hakukusaidia, ilhali faili nyingine zote ukiziweka humo huonekana kwenye simu? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukilielewa jambo hili hutarudia kosa hilo. Folda unayoiona kama daftari ina faili nyingi ndani yake: kila sehemu ya daftari ni faili moja yenye mwisho wa .one, na kuna faili nyingine yenye mwisho wa .onetoc2 inayobeba mpangilio wa sehemu hizo. OneDrive hushughulika na faili nzima nzima, yaani faili ikibadilika inapelekwa kwenye seva kama kitu kimoja. Daftari la OneNote lililo kwenye wingu halisafirishwi hivyo. OneNote yenyewe huzungumza na seva na kupeleka vipande vidogo vya mabadiliko, ndiyo maana watu wawili wanaweza kuandika katika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja bila kufutiana kazi. Ukichungulia folda ya OneDrive ya mtu mwenye daftari halali la wingu, hutakuta faili za .one ndani yake, bali utakuta kiungo kidogo tu kinachofungua daftari. Kuziweka faili za .one humo kwa mkono kunazifanya zihifadhiwe kama mizigo ya kawaida, lakini hakuzigeuzi kuwa daftari la wingu, na OneDrive na OneNote zikianza kuzigusa faili hizohizo kwa pamoja matokeo yake hayatabiriki. Ni kwa sababu hiyo hiyo OneDrive, unapoiomba ilinde folda yako ya Nyaraka, hulalamika ikikuta daftari la OneNote ndani yake na kukutaka ulihamishe kwanza.

Kabla ya kuhamisha, thibitisha makazi ya sasa. Fungua menyu ya Faili iliyo kwenye kona ya juu kushoto, kisha ukurasa wa Taarifa, na utaona orodha ya madaftari yako yote yaliyo wazi, kila moja likiwa na anwani yake chini ya jina. Anwani inayoanza kwa herufi ya diski, kwa mfano C, inamaanisha kwamba daftari limo ndani ya kompyuta. Anwani inayotaja OneDrive au inayoanza kwa https inamaanisha kwamba limo kwenye wingu. Pitia orodha yote, kwa maana mara nyingi mtu huwa na madaftari mawili ya wingu na moja la kompyuta, naye hudhani yote yako sawa kwa kuwa mawili yanaonekana kwenye simu. Kipimo cha kuzima intaneti na kutazama kama madokezo bado yanafunguka hakifai, kwa sababu hata daftari la wingu huacha nakala katika ile hifadhi ya muda niliyoitaja.

Tazama pia ni akaunti gani uliyoiingia. Akaunti binafsi ya Microsoft na akaunti uliyopewa na chuo au mwajiri zina hifadhi mbili tofauti zisizochanganyika. Kwa madokezo unayotaka kubaki nayo maishani ninapendekeza akaunti binafsi, kwa kuwa akaunti ya chuo inaweza kufungwa ukishahitimu, na daftari lililomo likafungwa nayo.

Sasa tengeneza nakala mbili, na tafadhali usiiruke hatua hii hata kama una haraka. Nakala ya kwanza itoe kwa OneNote yenyewe: katika menyu ya Faili chagua kuhamisha nje, chagua daftari zima, kisha aina ya faili yenye mwisho wa .onepkg. Utapata faili moja inayobeba daftari lote, ambayo baadaye unaweza kuifungua katika OneNote ya Windows. Nakala ya pili ni ya folda yenyewe. Funga OneNote kabisa, kisha inakili folda hiyo, bila kuihamisha, kwenye flashi au diski ya nje. Iwapo una sehemu zilizofungwa kwa nenosiri, zifungue na uhakikishe kwamba unayakumbuka manenosiri yake, maana Microsoft haina njia ya kukurudishia nenosiri la sehemu ya OneNote.

Baada ya hayo ndipo uhamishe. Fungua daftari husika, nenda kwenye menyu ya Faili, kisha ukurasa wa Kushiriki. Najua neno hilo huwatisha watu wakidhani kwamba madokezo yao yatawekwa hadharani. Sivyo. Daftari lililohamishiwa kwenye OneDrive yako hubaki lako peke yako mpaka wewe mwenyewe umwalike mtu au utengeneze kiungo cha kugawa. Programu imeiweka amri ya kuhamisha mahali hapo kwa sababu tu daftari la kompyuta haliwezi kushirikiwa kabla halijahamia kwenye wingu. Utaona maelezo kwamba daftari liko kwenye kompyuta, orodha ya mahali panapopatikana, nafasi ya kuandika jina, na kitufe cha kuhamisha daftari. Chagua OneDrive yako binafsi, acha jina lilivyo, kisha bonyeza kitufe hicho.

Kinachofuata ni kungoja, na hapa ndipo wengi huharibu. Ujumbe wa kwamba daftari limehamishwa unaweza kuonekana mapema, wakati picha, rekodi za sauti na faili ulizoambatisha bado ziko njiani. Iache kompyuta ikiwa imewashwa na kuunganishwa na intaneti, wala usiifunike. Rudi kwenye ukurasa wa Taarifa na ufungue dirisha la hali ya usawazishaji. Dirisha hilo linaonyesha maendeleo ya kila daftari, na pia lina chaguo mbili: kusawazisha kila mabadiliko yanapotokea, au kusawazisha kwa mkono tu. Hakikisha umeichagua ya kwanza. Nimekuta watu ambao madaftari yao yalikuwa kwenye wingu tangu mwanzo, ila chaguo la pili liliwekwa wakati fulani likasahaulika, na dalili zake zinafanana mno na zako.

Usawazishaji ukikwama, soma ujumbe uliomo ndani ya dirisha hilo kabla ya kujaribu lolote. Sababu ya kawaida ni nafasi. Akaunti ya bure ya Microsoft ina GB 5 za hifadhi, na humo zinahesabiwa faili zako zote za OneDrive, zikiwemo picha ambazo huenda simu inazipakia yenyewe, pamoja na viambatisho vya barua pepe za Outlook. Maandishi peke yake hayajazi nafasi hiyo; kinachoijaza ni kurasa za vitabu zilizopigwa picha, faili za PDF zilizobandikwa kama picha, na rekodi za mihadhara. Ikiwa nafasi imejaa, punguza vitu vingine kwenye OneDrive kwanza, kwa mfano video za zamani, kabla hujafikiria kukatakata daftari.

Inawezekana kitufe cha kuhamisha kikakataa kufanya kazi, au uhamishaji ukaishia njiani. Ikitokea hivyo usirudie mara kumi. Unda daftari jipya, ukichagua OneDrive kuwa mahali pake, na ungoje lionekane bila hitilafu. Kisha bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya kwenye kila sehemu ya daftari la zamani, chagua amri ya kuhamisha au kunakili, teua daftari jipya, na ubonyeze kunakili. Nasisitiza kunakili. Ukihamisha na intaneti ikakatika katikati, utakuwa na nusu huku na nusu kule, ilhali ukinakili daftari la zamani linabaki kamili hata ukikosea. Peleka sehemu moja moja, na iache kila sehemu imalize kusawazishwa kabla ya kuanza nyingine. Njia hii ni ya polepole, lakini ina faida moja ambayo kitufe cha kuhamisha hakina: ikiwa kuna sehemu moja yenye kasoro inayozuia daftari zima, utaijua ni ipi mara moja, kwa sababu zote nyingine zitapita na hiyo itakwama.

Uthibitisho wa kwamba kazi imekamilika usiutafute ndani ya OneNote ya kompyuta ileile, kwa sababu kama nilivyoeleza inaweza kukuonyesha kilicho katika hifadhi yake ya muda. Utafute kwenye kivinjari. Fungua onenote.com, ingia kwa akaunti yako, na ufungue daftari. Kile unachokiona hapo ndicho kilicho kwenye seva. Angalia ukurasa wa mwisho ulioandika, angalia ukurasa mmoja wa zamani wenye picha nyingi, fungua kiambatisho kimoja, na uhesabu sehemu ili kuona kama idadi yake inalingana na ya kompyuta. Kisha andika sentensi moja kwenye kivinjari na utazame kama inafika kwenye kompyuta. Sentensi hiyo ikifika, njia inafanya kazi pande zote mbili.

Ndipo uende kwenye simu. Daftari huenda lisijitokeze lenyewe, hivyo tafuta orodha ya madaftari zaidi ndani ya programu, uligonge, na uipe muda. Mara ya kwanza simu hupakua mengi, na ni vyema uifanye kazi hiyo kwenye Wi-Fi.

Kuna mtego mmoja uliobaki ambao maelekezo mengi huusahau. Madokezo ya haraka, yaani yale yanayofunguka katika dirisha dogo bila kuchagua daftari, yana makazi yake yenyewe, na makazi hayo hayabadiliki eti kwa sababu umelihamisha daftari lako kuu. Fungua menyu ya Faili, kisha Chaguo, halafu sehemu ya kuhifadhi na nakala rudufu. Utaona orodha ya anwani, zikiwemo mahali pa kawaida pa kuweka madaftari mapya, mahali pa madokezo ya haraka, na folda ya nakala rudufu. Ikiwa anwani ya madokezo ya haraka bado inaelekea kwenye folda ya Nyaraka, ielekeze kwenye sehemu iliyo ndani ya daftari lako la wingu, la sivyo baada ya miezi michache utaniandikia tena kuhusu vipande vilivyobaki nyuma. Na kila utakapounda daftari jipya, soma mahali linapowekwa kabla ya kubonyeza kitufe cha kuunda.

Hiyo folda ya nakala rudufu uliyoiona hapo, usiiguse. Kuhamia kwenye wingu kunakupa uwezo wa kuyasoma madokezo yako popote, lakini hakukulindi dhidi ya mkono wako mwenyewe, kwa kuwa ukurasa ukiufuta kwenye simu utafutika pia kwenye kompyuta. Daftari la wingu lina pipa lake la takataka linalotunza kurasa na sehemu zilizofutwa kwa siku 60, na baada ya hapo huondolewa kabisa. Nakala rudufu zinazotengenezwa na OneNote ya Windows ziko nje ya mzunguko huo, nazo zimewaokoa watu wengi waliogundua kosa siku ya 61. Mimi mwenyewe hutoa pia faili mpya ya .onepkg kila mwisho wa muhula, nikaiweka kwenye diski ya nje.

Kuhusu folda ya zamani ndani ya Nyaraka, iwapo bado ina faili baada ya uhamisho, usiifungue tena kwa OneNote, kwa sababu utakuwa na madaftari mawili yenye jina moja na utaanza kuandika katika lile lisilo sahihi. Lifunge daftari hilo ndani ya programu ikiwa bado linaonekana kwenye orodha, uibadilishe folda jina ili ijulikane kuwa ni ya zamani, na uiache hapo kwa mwezi mmoja ukitumia daftari jipya kwenye kompyuta na simu. Mwezi ukipita bila kukosa ukurasa wowote, unaweza kuifuta. Zile nakala mbili ulizotengeneza kabla ya kuhamisha ziache.